Vile vinundu kwenye mizizi ya maharage si ugonjwa

Endulen hatulimi. Sheria ilikataza kilimo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi 1992, kikafungwa tena 2009. Kwa hiyo maharage tunayowapikia watoto yanapanda gari kutoka Karatu, na mbolea ikipanda bei kule, debe linapanda huku. Kwangu afadhali kidogo, maana mama yangu analima Karatu na debe zake nne ndizo zinazotuvusha mwaka.

Likizo fupi ya Aprili binti yangu wa darasa la sita alikuwa kwa bibi yake. Akang'oa mche mmoja wa maharage, akakuta mizizi imejaa vinundu. Jirani alipoona akasema ni ugonjwa, mistari yote ing'olewe kabla haujasambaa. Mama hakubishana naye. Alimwambia mjukuu apasue kinundu kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. "Huo mzima," akasema, "uache."

Ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria waitwao rizobia. Wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea, na mmea unawalipa kwa sukari. Wekundu ni dalili kwamba wako kazini. Kinundu cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Ugonjwa wa kweli unaofanana navyo huletwa na minyoo wa mizizi. Hapo mzizi wenyewe ndio unavimba, na uvimbe haubanduki. Cha rizobia unakibandua kwa kidole. Mzazi mwenye mtoto shambani amfundishe hilo kabla ya kumkabidhi jembe.

Ngwara na mbaazi nazo wanazo. Ukiwamwagia urea nyingi mmea unadeka, vinundu vinapungua, na hela yako imekwenda. Fosforasi lakini haitoki hewani, hiyo bado utainunua au utaitafuta kwenye samadi.

Soya mara nyingi huhitaji kuongezewa bakteria wake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kuwatengeneza kwa jina la Nitrosua, na Kenya kuna Biofix. Unapaka mbegu kivulini, unapanda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu. Ni viumbe hai, jua linawaua.

Wako na wengine, jamii ya Basilasi, wanaokaa kuzunguka mizizi na kuwabana kuvu wanaoiozesha. Wanasaidia, hawatibu kila kitu. Mama bado anabadilisha mazao na kuchagua mbegu safi.

Na udongo wenye samadi iliyooza vizuri huwa na viumbe kama hao kwa wingi. Hapa ndipo ninapocheka peke yangu: zizi letu Endulen lina samadi hadi kwenye vifundo vya miguu na hatuna pa kuiweka, wakati mama Karatu anailipia kwa tripu.