Mpakani mwa Metali Mbili

Wanakemia hukiita kichocheo kile kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Jina zuri, ila lasahau mahali. Kaboni monoksaidi, gesi iuayo kimya waliolala na jiko la makaa, huungana na oksijeni juu ya platinamu ikawa kaboni dioksaidi. Ndiyo kazi ya platinamu katika ekzosi za magari. Miaka ya 1990, huko Berlin, Gerhard Ertl (aliyetuzwa Nobel mwaka wa 2007) na wenzake waliitia platinamu viraka vya metali nyingine, kama paladiamu, wakaitazama kwa hadubini. Mmenyuko ulisafiri mithili ya mawimbi. Mpakani, baadhi yalinasa, mengine yakavuka au kuvunjika. Pengine mpaka wenyewe ndio uliozaa wimbi! Viraka vilipokuwa vidogo mno kuliko wimbi, uso mzima ulitenda kana kwamba ni wa metali moja, isiyo platinamu wala paladiamu.