Mkimbizi aliyepima sumu kwa inzi wa ndizi

Ukiacha ndizi zilizoiva sana mezani, baada ya siku mbili wanakuja inzi wadogo wenye macho mekundu. Watu wanawafukuza tu. Lakini kuna mwanamke mmoja mkimbizi aliyewafuga ndani ya chupa, na kazi yake ilisaidia dunia kujua kwamba sumu inaweza kuharibu hata kile ambacho mzazi anawarithisha watoto wake.

Jina lake ni Charlotte Auerbach. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1899, akawa mwalimu. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimfukuza kazini kwa sababu alikuwa Myahudi. Akakimbilia mji wa Edinburgh, Scotland, akaanza masomo upya, na mwaka 1935 akapata udaktari. Kazi aliyopewa huko ilikuwa ya mshahara mdogo.

Hapo ndipo alipokutana na Hermann Muller, Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba miale ya eksirei inageuza jeni za inzi. Jeni ni maagizo ya mwili ambayo mtoto anapokea kutoka kwa wazazi. Swali likabaki: je, kemikali nazo zinaweza kuyageuza?

Mwaka 1940, vita ikiwa imewaka, Auerbach na mwenzake J. M. Robson walianza kupima gesi ya haradali, silaha iliyounguza askari tangu 1917. Waliichagua kwa sababu vidonda vyake vilichelewa kupona, kama vile vya eksirei. Mikono ya Auerbach nayo iliungua katika kazi hiyo.

Kipimo kilikwenda hivi. Inzi dume aliyevuta gesi na kupona alionekana mzima kabisa. Akapewa majike wa ukoo maalumu, uliochaguliwa ili uharibifu usijifiche. Inzi hawa wanakua kwa siku kama kumi tu, basi wajukuu hawakukawia. Hapo kila chupa ikachunguzwa. Dume ana kromosomu X moja tu. Maagizo muhimu yaliyomo yakiharibika, hana nyingine ya kumwokoa. Kwa hiyo chupa yenye wajukuu majike bila dume hata mmoja ilikuwa ushahidi: babu yao aliharibiwa, ingawa kwa macho hakuwa na kasoro.

Chupa za namna hiyo zikawa nyingi. Jibu likapatikana, lakini kwa sababu ya vita likafanywa siri. Lilitangazwa mwaka 1946, na baadaye inzi hao wakatumiwa kupima kemikali nyingine nyingi.

Auerbach aliishi mpaka 1994. Nyumbani alipoteza kazi na nchi, ila elimu yake alivuka nayo mpaka. Na kutoka kwa inzi wake tulijifunza jambo moja zito: aliyenusurika na sumu asihesabiwe mzima kwa kutazamwa ngozi tu.