Mzaha wa Mkubwa kwa Mdogo: Mbwa na Paka Chini ya Paa Moja

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha. Mtu aliyepata kufuga mtoto wa mbwa wa aina kubwa pamoja na mtoto wa paka katika nyumba moja hahitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo, kwa kuwa huyaona kila siku mbele ya macho yake: mchezo ulioanza kwa furaha hukaribia kuwa msiba, wala hapana hata mmoja kati ya wale wawili aliyemkusudia mwenziwe mabaya. Juu ya jambo hili, ndugu wasomaji, nimeona yafaa niwaeleze yale tuliyojifunza nyumbani kwetu, maana yamkini wako wengine ambao wamo katika taabu hiyo hiyo.

Sisi tunaishi Jinja, katika nyumba za watumishi wa serikali, si mbali na pale mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Hatukufuga wanyama kwa anasa. Panya walikuwa wametoboa magunia ya mahindi stoo, na wasitosheke na hayo wakatafuna madaftari ya watoto. Wezi nao walikwisha kuruka ua mara mbili na kuanua nguo zote kambani. Kwa hiyo tulihitaji paka na tulihitaji mbwa, na wote wawili walifika katika mwezi mmoja. Paka tulimwita Kibibi. Mbwa watoto walimwita Simba, ambaye mama yake ni wa ile aina ya Kijerumani itumiwayo na polisi wa nchi nyingi. Siku walipokutana, Simba alikuwa na umri wa miezi minne na uzito wa kilo 15. Kibibi alikuwa wa majuma tisa, wala hajatimiza kilo moja.

Hebu mtu mzima mwenye kilo 60 afikiri jinsi ambavyo angejisikia kama angekumbatiwa na fahali mwenye kilo 900, na fahali huyo akawa anampenda kwa moyo wote. Ndiyo hali aliyokuwa nayo Kibibi. Simba alimrukia, alimkandamiza chini kwa mguu, alimkamata shingoni kwa kinywa chake akamburuta hadi mlangoni, huku mkia wake ukipepea kwa furaha. Watoto walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu jirani yetu mmoja alikuwa amenisimulia habari ya paka wake. Mbwa wa nyumba ile hakuwa mkali. Jioni moja, katikati ya mchezo wao wa kila siku, alimkamata yule paka mgongoni akamtikisa kama atikisavyo kitambaa, na mara mchezo ukakoma. Alibaki akimsukuma kwa pua, akimwalika ainuke. Jirani aliniambia kwamba jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumkasirikia.

Chanzo cha taabu hii ni nini? Kwanza ni uzito, kama nilivyokwisha kusema. Pili ni lugha. Mbwa na paka hawakuzaliwa na lugha moja ya mwili. Mbwa apungapo mkia kwa ulegevu, aghalabu anasema, "Nimefurahi." Paka apigapo mkia wake huku na huku, anasema, "Niache, uvumilivu wangu unakwisha." Mbwa mdogo alalapo chali mbele ya mkubwa, mara nyingi anakiri udogo wake na kuomba amani. Paka alalapo chali katika ugomvi ameziweka tayari silaha zake zote, yaani meno na kucha za miguu minne. Basi Simba alimwona mwenziwe amelala chali akadhani amekaribishwa, naye alipokwaruzwa puani akadhani kwamba mchezo umenoga. Tatu ni umri. Kati ya miezi minne na sita mtoto wa mbwa hubadilisha meno, ufizi humwasha, na kila kitu kwake ni cha kutafunwa. Zaidi ya hayo, mbwa wa aina kubwa huendelea kukua hata kupita mwaka mzima, ilhali akili yake ni ya kitoto ndani ya mwili wa mtu mzima.

Haifuati kwamba kila kishindo ni hatari. Wanyama wachanga wanahitaji kucheza, na kumnyima mtoto wa mbwa mchezo ni kumharibu. Kazi ya mlezi ni kupambanua. Mchezo mwema una zamu: leo huyu anafukuza, punde anafukuzwa. Mbwa huinamisha kifua na kunyanyua makalio, ishara ya kusema kwamba yatakayofuata ni mzaha. Wote wawili hupumzika kidogo, kisha huanza tena. Lakini paka akilaza masikio nyuma, akivimbisha manyoya, akafoka au kulia kwa sauti kali, huo si mchezo tena. Vivyo hivyo mbwa akikaa kimya, akamkazia macho, akamnyemelea au kumzibia njia, au akimshika na kutikisa kichwa, watenganishwe hima. Zaidi ya yote, paka anayeshinda uvunguni, asiyejitokeza kula wala kwenda kwenye mchanga wake, amekwisha kutoa malalamiko yake, ijapokuwa hakuna aliyemsikia akilia.

Nilipokuwa katika mafunzo ya ualimu tulifundishwa kutomwuliza mtoto mwenye nguvu kama mchezo ni wa haki, bali kumtazama yule mnyonge. Kipimo hicho hicho nilikitumia hapa. Wawili hao walipokuwa katika purukushani, nilimshika Simba nikamzuia kwa muda mfupi. Kama Kibibi alirudi mwenyewe, akampiga kibao cha mguu na kukimbia kwa mikogo, nilijua kwamba anataka kuendelea, nami nikamwachilia Simba. Kama alitoweka, mchezo ulikuwa umekwisha, hata kama Simba aliona bado ni mapema. Katika majuma mawili ya kwanza alitoweka mara nyingi kuliko alivyorudi.

Basi tuliweka utaratibu, na ndio huu.

Jambo la kwanza, tulimpa mdogo njia ya kuondoka. Baba watoto alipigilia rafu ubavuni mwa kabati na nyingine chini ya dirisha, ili Kibibi aweze kupanda hatua kwa hatua. Mlango wa stoo aliufunga kwa kamba ukaacha upenyo ambao paka hupita na mbwa hupitisha pua tu. Huko ndiko tulikoweka chakula cha Kibibi, maji, na karai la mchanga. Karai hilo lisiwe mahali ambapo mbwa hufika, kwa maana watoto wa mbwa hula uchafu wa paka pasipo haya. Nawaambieni kweli, rafu zile mbili ziliokoa maisha kuliko makemeo yetu yote, kwa kuwa mnyama ajuaye pa kukimbilia haogopi kukaribia.

Jambo la pili, tulimchosha mkubwa kabla ya kumkutanisha na mdogo. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijakwenda ofisini, mimi au kijana wangu wa kwanza humtembeza Simba hadi karibu na ziwa na kurudi. Jioni kadhalika. Mtoto wa mbwa aliyeshinda amefungwa huingia sebuleni kama maji yaliyovunja kingo. Kwa ajili ya meno yake tulimpa kamba nene yenye mafundo. Hatukumpa kiatu kikuukuu, kwani mbwa hana elimu ya kupambanua kiatu kikuukuu na kipya.

Jambo la tatu, ndani ya nyumba Simba alivaa ukanda wa shingoni wenye kamba nyepesi ya kuburuza. Mambo yalipozidi tulikanyaga kamba, akasimama. Haifai kuingiza mkono kati ya wanyama wawili waliopandwa na mori. Blanketi au mto uliotiwa katikati yao hutosha.

Jambo la nne, tulimlipa kwa utulivu wake. Kila alipomtazama Kibibi kisha akatugeukia sisi, au akalala chini wakati paka anapita, alipewa kipande cha dagaa. Neno tulilotumia lilikuwa moja, "Acha," nalo lilisemwa na wote kwa namna moja. Nyumba ambayo baba husema hili, mama lile na watoto jingine, haiwezi kumfunza mbwa wala mtoto.

Jambo la tano, hawakuachwa pamoja bila mtu mzima. Tulipokwenda kazini na watoto shuleni, Kibibi alifungiwa stoo pamoja na panya wake, na Simba alibaki uani chini ya mwembe, na maji tele.

Mzee mmoja mstaafu, ambaye ni jirani tunayemheshimu sana, alipotuona tukihangaika hivyo alinihurumia. Akasema, "Mwanangu, unajisumbua bure. Mbwa haelewi ila fimbo. Mchape mara tatu tu mbele ya huyo paka, hatamgusa tena."

Nikamjibu, "Mzee wangu, shikamoo zangu ziko pale pale, lakini nina hofu. Nikimchapa kila paka anapokuwapo, atajifunza kwamba paka ndiye aletaye maumivu. Siku nisipokuwapo, atamlipa nani?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema kwamba walimu hawashindwi kwa maneno. Lakini siku ya tatu alikuja na kamba nyingine nene, akasema ni ya Simba.

Kwa hakika suala la fimbo lilinigusa kwa sababu ya watoto. Kijana wangu mkubwa ana nguvu kuliko dada yake mdogo, na mara nyingi nimesikia utetezi ule ule tunaoufahamu sote: "Mama, tulikuwa tunacheza tu." Nilipoanza kuwaonyesha watoto kile kipimo cha kumshika mkubwa na kumtazama mdogo, sikuwataja wao hata kidogo. Jioni moja nikasikia binti yangu akimwambia kaka yake kwa sauti ya amri, "Kaka, mimi nimekwisha panda kabatini." Kaka akaacha. Tangu siku hiyo maneno hayo yamekuwa sheria katika nyumba yetu, wala hapana aliyeitunga.

Sasa niseme machache kuhusu afya. Jino la mbwa huacha tundu dogo ambalo manyoya hulificha, kumbe ndani pana jeraha lenye kutunga usaha. Paka aliyetikiswa au kukandamizwa, akawa anapumua kwa kinywa wazi, anachechemea au hataki kuguswa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ukucha wa paka nao waweza kulitoboa jicho la mbwa, na jicho lenye kutoa machozi na kufumbwa halingoji kesho. Msimpe paka dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli, ambayo ipo karibu katika kila nyumba, ni sumu kali kwake, na hata kidonge kimoja chaweza kumwua.

Zaidi ya hayo yako maradhi ya kichaa cha mbwa. Hayamshiki mbwa peke yake, bali paka pia, na binadamu aliyekwisha kuonyesha dalili zake ni nadra mno kupona. Lakini kinga ipo. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa, dunia imejua kwamba aliyeumwa aweza kuokolewa akiwahi. Mbwa na paka wote wachanjwe wakitimiza miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoagiza. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali, hata kama jeraha ni dogo na mnyama ni wa nyumbani.

Ilichukua miezi miwili kabla sijaanza kuwaacha pamoja pasipo wasiwasi nikiwa jikoni. Simba sasa amepita kilo 30. Amejifunza kulala chini anapotaka kucheza, ili kimo chake kisimtishe mwenziwe, na Kibibi hushuka kutoka rafuni na kumshambulia masikio. Akichoka hupanda juu, naye Simba huweka kichwa sakafuni akangoja. Panya wamehama stoo, na nguo hulala kambani mpaka asubuhi.

Wengi hudhani kwamba amani ya nyumba huja pale mwenye nguvu anapovunjwa nguvu zake. Sisi tulizihitaji nguvu za Simba, na bado tunazihitaji. Tulichokuwa tukikitafuta ni mkubwa afahamu uzito wake, na mdogo awe na mlango wa kutokea. Hayo mawili hayaji yenyewe kwa kupendana, maana Simba alimpenda Kibibi tangu siku ya kwanza, na upendo huo ulikuwa karibu kumwua. Huja kwa mlezi kuwapo, kutazama, na kurudia jambo lile lile kila siku bila kuchoka. Basi, ndugu wasomaji, mnaofuga wanyama hawa wawili, samaki mkunjeni angali mbichi, na rafu ya paka ipigiliwe kabla mbwa hajaletwa.