Barafu ya Kibo na Tarehe Zilizopita

Mwanzoni mwa 2000, nilipokuwa bado kijana wa kubeba mizigo ya watalii, wanasayansi walioongozwa na Mmarekani Lonnie Thompson walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na mashine za kutobolea barafu. Walitoboa mahali sita. Wagumu, ndivyo tunavyojiita sisi wapagazi, ndio walioteremsha barafu hiyo, imefungwa isiyeyuke njiani. Moshi nzima tuliulizana barafu inapelekwa wapi, na itasema nini.

Jibu lilikuja 2002. Ramani ya 1912 ilionyesha barafu ya kilomita za mraba 12 hivi. Sasa karibu asilimia 80 ilikuwa imetoweka, na iliyobaki, walisema, ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Mzee aliyenifundisha kazi alizipokea habari hizo kama tanzia. Watalii wakaanza kutuambia wazi kwamba wamekuja kuiona kabla haijaisha.

Mimi niliamini kwamba inapungua, kwa kuwa nilikuwa naiona. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeyote aliyefika juu alilijua: kule ni baridi kali hata mchana. Kingo za barafu zimesimama wima mithili ya kuta, na chini yake mara nyingi mchanga ni mkavu. Kama ni joto tu linaloiyeyusha, maji yako wapi? Miaka michache baadaye, wanasayansi wengine, akiwemo Georg Kaser wa Austria, walieleza kwamba sehemu kubwa ya barafu hiyo huliwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja, na kwamba hewa ya huku ilianza kukauka tangu miaka ya 1880, theluji mpya ikawa haitoshi kufidia inayopotea. Walisema hivyo bila kukana kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya makaa na mafuta tunayochoma. Walichokataa ni kuufanya mlima wetu shahidi mkuu wa kesi hiyo. Ukaukaji wenyewe huenda unatokana na mabadiliko ya Bahari ya Hindi, na mkono wa binadamu humo si rahisi kuupima.

Mwaka 2020 ukapita. Barafu ipo, imekonda na kukatikakatika, ila ipo. Vijana wa kwetu wakacheka, wakasema wazungu walitudanganya, na joto la dunia nalo ni hadithi. Hilo liliniuma kuliko kupungua kwa barafu. Hewa ukaa angani imetoka sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na hilo limepimwa, halikubahatishwa. Tarehe ya kwisha kwa barafu ya Kibo ilikuwa makadirio. Mambo hayo mawili yalitangazwa kwa sauti moja, na makadirio yalipoteleza, yakaangusha na ukweli uliopimwa.

Tena wakati macho yote yalipoelekezwa kileleni, msitu ulikuwa umeshaanza kuungua. Moto wa 1996 na 1997 nauona mpaka leo: miti ya juu kabisa, ile yenye ndevu za kuvumwani zinazonasa ukungu na kuudondosha ardhini, ikabaki mashina meusi. Maji ya mifongo yetu, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, yanayonywesha migomba na kahawa, chanzo chake hasa ni mvua na ukungu wa msitu. Barafu huchangia kidogo mno. Ukavu hurahisisha moto, ila mara nyingi anayewasha ni mtu: mrina asali, jangili, mwenye kusafisha shamba.

Siku hizi wajukuu wakiniuliza barafu itakwisha lini, nawajibu kwamba inaelekea kwisha, na mwaka siwatajii. Kisha nawapeleka kwenye mfongo wetu, tunaufuata kupanda hadi mpakani mwa msitu, nawaonyesha maji yanapoingilia.