Bus ama coach?



Leo nina jambo la kutubu mbele yenu.

Tulipokuwa tukipanga safari ya kongamano Nairobi, kijana wa kampuni ya usafiri aliniuliza kwa simu, "Pasta, mnataka bus ama coach?" Sikujua tofauti. "Coach" ilisikika yenye heshima, nikasema hiyo.

Tofauti niliijua asubuhi ya safari. Bus husimama kila steji, anayepunga mkono anabebwa. Coach ni ya safari ndefu: umelipa mapema, kiti kina nambari, na njiani haiokoti mtu. Mama mmoja wa kanisa letu hapa Ngoliba alifika steji na Biblia yake, nusu ya nauli ikiwa imefungwa kwenye leso. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Dereva akasema, "Jina lake haliko." Mimi, mchungaji wake, nilikuwa nimeketi mbele. Nikanyamaza. Mama akatupungia mkono, tukaondoka.

Niliporudi nilifungua kamusi. "Coach" imetokana na Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya farasi. "Bus" ni kipande cha "omnibus", neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote". London ililiona gari la jina hilo mwaka 1829. Kwa wote! Nililia.

Mpendwa, soma Matendo 8. Yule Mwethiopia alikuwa mkubwa, gari ni lake. Filipo alikuja mbio kwa miguu, vumbi limemjaa. Lakini mkubwa yule alimsihi apande, waketi pamoja. Angemuuliza nauli, nani angemfafanulia Isaya? Safari ile ilimfikisha kwenye maji ya ubatizo.

Je, wewe umekalia kiti gani, na nani amebaki steji kwa sababu ulinyamaza?

Nilienda kwa yule mama kuomba msamaha. Alinipikia chai, akasema, "Pasta, mimi niliwaombea mpaka mkafika."

Safari ya Disemba tunakodi basi. Mpe katibu jina lako hata kama huna nauli, tutachangiana. Kiti cha mbele kina mwenyewe: ni cha yule mama.

Tuombe: Bwana, nisistarehe kitini huku ndugu yangu ameachwa barabarani. Amina.

Kama umepokea, andika AMINA.