Nilichoma tokeni za siz kwa dakika moja na nusu

Wasee, leo sitawaonyesha jinsi ya kuovakloki prosesa. Video za hiyo kitu zimejaa YouTube na zote zinaishia mahali pamoja: nambari inapanda, jamaa anapiga makofi, anakuomba usabskraibu. Hakuna anayegeuza kamera ikaangalia mita ya stima.

Mimi niko na Ryzen 5 3600, nilinunua ikiwa imetumika. Prosesa ya 2019, si ya kuringia, lakini inaniedit video poa tu. Wakati huo nilikuwa nakaa kwa siz, na deal yetu ilikuwa rahisi: yeye rent na stima, mimi intaneti na kuosha vyombo. Kurenda video moja ilikuwa inachukua dakika 20 hivi. Mimi nikaona hizo ni nyingi sana. Nikaingia bayosi usiku.

Kwa wale hawajawahi: prosesa inafanya kazi kwa mapigo, na gigahazi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Kuovakloki ni kuilazimisha ipige haraka kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Yangu ikiwa kazini ilikuwa inakaa kwa 4.0. Nikaipeleka 4.3. Ikagoma kuwaka. Basi unafanya kile kila mtu hufanya, unaongeza volteji mpaka itulie. Nilitoka 1.25 nikafika 1.375, ikatulia, nikalala nikiwa mfalme.

Shida iko hapo kwa volteji. Stima ambayo prosesa inakula inapanda sawa na kasi, hiyo ni sawa, huwezi kulalamika. Lakini inapanda pia kwa volteji zidisha volteji. Toa simu upige hesabu: kasi yangu iliongezeka kwa asilimia 7.5. Volteji iliongezeka kwa asilimia 10, ukizidisha mara mbili inakuwa 21. Ziweke pamoja, prosesa inakula karibu asilimia 30 zaidi. Asilimia 30 ya stima kununua asilimia 7.5 ya kasi! Hata dukani kwa mtaa huwezi kuibiwa hivyo.

Na hiyo stima yote inageuka kuwa joto. Digrii zilifika 91, na mwisho rasmi wa hii prosesa ni 95. Feni ilikuwa inalia kama posho mill. Siz alikuwa ananiuliza kama nimewasha kitu cha kuchoma.

Render ikatoka dakika 20 ikawa 18 na nusu. Hiyo moja na nusu, nikiwa mkweli, niliitumia kuscroll.

Sasa tokeni. Kenya, nyumba ikitumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi, kwa wastani wa miezi mitatu, inalipa bei ya chini kabisa. Ukivuka 30, unapandishwa daraja na kila yuniti inakuwa ghali, si zile za juu tu. Sisi hatuna friji. Tulikuwa tunacheza kwa 28 hivi. Mashine yangu ilitupeleka 34. Yuniti sita tu, manze, lakini zilikuwa zile sita mbaya.

Siz ndiye aligundua. Alikuwa amenunua tokeni za pesa ile ile ya siku zote, akaangalia meseji, yuniti zimepungua. Akanyamaza. Wiki moja baadaye ananiuliza, "Kijana, hii stima inaenda wapi?" Nikasema labda ni pasi. Si uongo, nilisema ni pasi. Akaacha kupiga nguo za kazi pasi kila asubuhi, akawa anapiga zote Jumapili. Nikamwangalia akifanya hivyo Jumapili mbili kabla nimwambie ukweli.

Najua kuna mtu atakuja kusema ovakloki ni muhimu kwa gemu. Boss, gemu nyingi zinangoja kadi ya grafiki, si prosesa. Na zamani ilikuwa inalipa kweli: Core i5-2500K ya 2011 ilitoka kiwandani kwa 3.3, na watu walikuwa wanaifikisha 4.5 na feni ya kawaida. Siku hizi kampuni zenyewe zinakamua karibu kila kitu kabla hujafungua boksi. Intel mwaka wa 2024 ilikubali kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaharibika kwa sababu ya volteji iliyozidi, ikaongeza warranty kwa miaka miwili. Na hao ndio wametengeneza. Wewe na bayosi yako saa sita usiku unatafuta nini?

Kile nilifanya baadaye hakina video yenye views. Nilirudisha kila kitu, halafu nikawasha Eco Mode, ambayo inashusha kikomo cha prosesa kutoka wati 88 hadi 60. Render sasa ni dakika 21 na nusu. Feni huisikii.

Lakini ule wastani wa miezi mitatu haukuni huruma. Tuliendelea kulipa bei ya juu kwa muda, na tofauti nikawa namtumia siz kwa M-Pesa. Mara ya kwanza alijibu, "Hii ni ya nini?" Nikamwandikia, pasi.