Ncha ya Mmea wa Mahindi Iko Wapi?

Katika mwaka wetu wa kwanza wa ualimu, kabla hatujawa wakufunzi, tulifundisha somo la mimea kwa kujiamini sana. Tulichora ubaoni mmea wa mahindi, tukatia alama juu kabisa, pale majani machanga yanapochomoza yakiwa yamejikunja, tukasema, "Hapa ndipo mmea unapokulia." Wanafunzi wa darasa la tano wakanakili, nasi tukaridhika.

Haukupita muda mrefu, mbuzi wakaingia katika shamba la shule. Mahindi yenye kimo cha shubiri moja yakaliwa, vikabaki visiki. Kwa kuwa tuliamini kwamba ncha zimeliwa, tuliamuru yang'olewe na mbegu ipandwe upya. Mwanafunzi mmoja alitusihi tumwachie mstari wake, akieleza kwamba nyumbani kwao mahindi machanga yakiliwa huachwa tu. Tulikubali shingo upande. Baada ya siku chache visiki vya mstari ule vilitoa majani mabichi, na mbegu yetu mpya ilikuwa bado haijaota.

Jioni ile tuling'oa mche mmoja, tukaupasua kwa wembe toka juu hadi mizizini. Ncha haikuwa juu. Ilikuwa karibu na mizizi, chini ya uso wa udongo, imefunikwa na majani kama moyo wa kitunguu. Tulichokiita ncha kilikuwa bomba la majani tu.

Ncha yenyewe ni kilima kidogo cha seli changa zinazogawanyika, kisichofikia milimita moja. Ubavuni mwake kundi la seli huanza kuvimba. Uvimbe huo huizunguka ncha na kuifunika kama kofia. Hilo ndilo jani. Jani linalofuata huanzia upande wa pili, ndiyo maana majani ya mahindi hupangika kwa safu mbili. Punje kavu huwa tayari na majani kama 5 ndani ya kiini chake. Aidha, jani hukomaa kuanzia kileleni, na shina la jani ndilo linaloendelea kurefuka. Ncha hubaki udongoni mpaka mmea uwe na majani 5 au 6 yaliyofunguka. Kisha bua hurefuka na kuipandisha, na mwishowe ncha hiyo hiyo hugeuka kuwa mbelewele. Mbuzi akija wakati huo, hasara ni kubwa.

Mwalimu mwanafunzi anaweza kulifundisha somo hili kwa vifaa vichache. Apande mahindi kwa zamu, ili siku ya somo awe na miche ya wiki 2, 4 na 6. Aipasue mwenyewe mbele ya vikundi, wanafunzi wapime umbali wa ncha toka mizizini. Wiki moja kabla ya hapo, watie vitone vya wino vilivyoachana sentimita moja kwenye jani linalochomoza. Watakuta jani limepanda, lakini vitone havikuachana. Waulizwe: basi jani limekulia wapi?

Sisi tulirudi darasani kesho yake, tukafuta mchoro wetu, tukampa chaki yule mwanafunzi aoneshe ncha ilipo.